Ndugu wa Almasi

Watu wa Kasai wanaijua almasi kuliko sisi wengine. Katika miaka ya 1950 machimbo ya Bakwanga, mji uitwao leo Mbuji-Mayi, yalitoa zaidi ya nusu ya almasi za dunia, ukizipima kwa uzito. Nyingi hazikuwa za pete za maarusi. Zilikuwa mawe madogo yasiyong'aa, ambayo viwanda vya ng'ambo viliyasaga ili kunolea na kukatia vitu vigumu.

Kisha ikaenea habari kwamba Waamerika wametengeneza almasi kwa mashine. Ni kweli: walifaulu mwezi wa Desemba 1954, katika kampuni ya General Electric mjini Schenectady. Lakini wengi huchanganya jiwe lile na ndugu yake, aliyezaliwa baadaye katika nyumba ile ile. Nasi twataka kuwatenga ndugu hao, kwa maana kazi zao si moja.

Huyu wa pili huitwa nitridi ya boroni. Boroni hupatikana katika borasi, unga ambao mafundi huutumia wakiunga madini kwa moto. Azoti ni sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta. Mwingereza mmoja, Balmain, aliziunganisha mwaka 1842, akapata unga mweupe na laini. Chembe zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu, na tabaka hizo huteleza. Grafiti, ule weusi wa kalamu ya risasi, imepangwa vivyo hivyo. Kwa hiyo unga huo ukaitwa grafiti nyeupe. Huvumilia moto mkali, wala haupitishi umeme. Leo hufanyizwa vyungu vya kuyeyushia madini, na hata katika poda za uso za akina mama umo.

Sasa, grafiti nyeusi ni karboni tupu, na almasi nayo ni karboni tupu. Kinachotofautisha ni mpango wa chembe. Robert Wentorf, mmoja wa wataalamu wa Schenectady, akawaza hivi: katika orodha ya elementi, karboni imekaa katikati ya boroni na azoti. Ikiwa grafiti nyeusi hugeuka almasi, kwa nini ile nyeupe isigeuke? (Ndiye aliyegeuza hata siagi ya karanga kuwa almasi, jambo litakalowachekesha mama zetu jikoni.) Akaukandamiza unga huo kwa nguvu kupita mara 50,000 ya mkandamizo wa hewa, na joto la digrii zaidi ya 1,200. Chuma na nikeli, vilivyosaidia kutengeneza almasi, hapa havikufaa. Magnesi na lithi ndizo zilizofaa. Mwaka 1957 akatangaza punje zake ndogo. Kampuni ikaziita Borazon.

Almasi bado ni ngumu kuliko Borazon. Ya nini basi taabu yote hiyo? Wahunzi wa kale walijua kwamba chuma kikikaa ndani ya makaa ya moto hunywa kitu fulani, na baadaye huweza kuwa kigumu. Kitu hicho ni karboni. Basi almasi ikikata chuma kwa mwendo wa kasi, joto hupanda, na chuma huinywa almasi yenyewe! Borazon haina karboni. Chuma hakipati cha kunywa. Tangu 1969 imeuzwa viwandani, nayo husaga meno ya gia na vyombo vingine vya chuma kigumu.

Kwa hiyo Borazon haikumnyang'anya mchimbaji wa Kasai kitu, kwa sababu kazi ile ya chuma almasi yake haikuiweza. Aliyemnyang'anya ni ndugu wa kwanza. Leo karibu almasi zote za viwandani hutoka katika mashine, na huko Mbuji-Mayi watu wangali wanachimba kwa sururu na koleo.

Kwa muda mrefu jiwe la Wentorf lilihesabiwa kuwa kazi ya mikono ya watu tu, lisiloonekana popote katika viumbe. Mwaka 2009 wataalamu walichungua mwamba wa Tibet, uliokwisha kushuka chini sana ndani ya nchi na kupanda tena, wakakuta humo punje zake, ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Mwaka 2013 jiwe hilo lilikubaliwa rasmi kwa jina la qingsongiti, kwa heshima ya mtaalamu Mchina, Qingsong Fang.