Heimaey: muji uliozikwa na volkano, leo wageni wanavuka bahari kuuona

Kuna watu wanaolipa tiketi ya mashua ili kwenda kutembea juu ya avenue zisizoonekana. Pahali hapo panaitwa Heimaey, kisiwa kidogo cha inchi ya Islandi, katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Chini ya mawe meusi kuko nyumba na barabara zilizofunikwa mwaka wa 1973. Juu ya lava wakaaji wamesimika vibao vyenye majina ya avenue zilizokuwa pale. Mugeni anasoma jina, anaangalia chini, anaona mawe tu.

Kwa mukaaji wa Goma ao wa Nyiragongo, habari hii si ya mbali. Lakini namna watu wa Heimaey walivyofanya kiisha moto kuzimika inaweza kumushangaza.

Usiku wa kukimbia

Kisiwa hicho kina kilometre karaa 13 hivi, na wakaaji wake, 5 300 kwa wakati ule, walikuwa wanaishi kwa uvuvi. Mulima Helgafell, ulio karibu na muji, ulikuwa umenyamaza kwa miaka karibu 5 000, na watu walikuwa wanauhesabu kama umekufa.

Tarehe 23 mwezi wa kwanza 1973, mbele ya saa nane za usiku, udongo ulipasuka kwenye mwisho wa muji. Ufa ulifikia urefu wa metre zaidi ya 1 500, na moto ukatoka kote kama ukuta. Bahati ilikuwa moja: siku iliyopita kulikuwa zoruba baharini, basi mashua za wavuvi karibu zote zilikuwa zimerudi bandarini. Wakaaji wakapanda humo, wengine wakaenda kwa ndege, na kulipokucha karibu wote walikuwa wamevuka.

Volkano iliendelea mupaka mwanzo wa mwezi wa saba. Nyumba karibu 400 ziliharibika, zingine kwa lava, zingine kwa uzito wa majivu. Mutu mumoja alikufa, juu ya gesi ya sumu iliyojaa ndani ya chumba cha chini. Gesi nzito namna ile, inayoshuka na kukaa katika mafasi ya chini, ndiyo watu wa Goma wanaita mazuku. Wataalamu wa volkano wa inchi zingine nao wanatumia neno hilo la kwetu bila kulibadilisha.

Maji ya bahari juu ya lava

Lava ilianza kusogea kwa kinywa cha bandari. Kama bandari ingefungwa, uvuvi ungekufa, na watu hawangekuwa na sababu ya kurudi. Mwalimu wa fizikia Þorbjörn Sigurgeirsson akaongoza kazi iliyoonekana kama mchezo: kumwangia lava maji ya bahari ili igandike na kuwa ukuta unaozuia lava ya nyuma. Pompi kubwa zililetwa kutoka Marekani, mipira ya maji ikatandazwa juu ya mawe yenye moto. Metre cube zaidi ya milioni 6 za maji zilimwangwa. Bandari ikapona, tena lava ikaikinga na mawimbi kuliko zamani.

Mutu asifikiri kwamba njia ile ingetosha kila pahali. Lava ya Heimaey ilikuwa nzito na ya polepole, na bahari ilikuwa pale pale. Lava ya Nyiragongo ni ya majimaji sana. Mwaka wa 1977 ilishuka mbio kuliko mutu anavyoweza kukimbia.

Kurudi

Wakaaji wengi walirudi katika miaka miwili iliyofuata. Walichota majivu kwa koleo na kwa mashini, wakayatumia kurefusha uwanja wa ndege na kutengeneza udongo wa nyumba mupya. Kwa miaka zaidi ya kumi, joto lililobaki ndani ya lava lilipasha maji ya kuleta joto nyumbani, na baridi ya kule si ya kuchezea. Kisiwa chenyewe kiliongezeka kilometre karaa 2 na kidogo.

Kile mugeni anachoona

Mashua kutoka Landeyjahöfn inachukua karibu dakika 40. Wakati bahari ni mbaya, inapitia Þorlákshöfn, na safari inakaribia saa tatu. Mulima mupya, Eldfell, una metre 200 hivi, na mutu wa kawaida anaweza kuupanda. Akichimba kidogo kule juu, mafasi ingine bado anasikia joto kwa mukono.

Mwaka wa 2014 kulifunguliwa Eldheimar, nyumba ya makumbusho iliyojengwa kuzunguka nyumba moja iliyofukuliwa kutoka majivu. Kuta zimeinama, na vyombo vya jamaa vingali ndani.

Mwezi wa nane na wa tisa kuko ajabu ingine. Watoto wa ndege wa bahari wanaoitwa lundi, wenye mudomo wa rangi, wanatoka kwenye matundu usiku, taa za muji zinawadanganya, na wanaanguka barabarani. Watoto wa shule wanawaokota ndani ya makartoni, na kesho yake wanaenda kuwarusha hewani kando ya bahari. Mugeni akiona mtoto anatupa ndege, asikasirike: anamuokoa.

Jina la avenue

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilikata Goma katikati na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, ikasimama kwenye mulango wa muji. Goma nayo imejengwa juu ya lava yake, na mawe yake yamekuwa kuta za nyumba na za lupango.

Walioona mwaka wa 2002 wangali hai, na wanajua ni nani alikuwa anaishi wapi, duka gani lilikuwa kwenye kona gani. Makumbusho yanaomba franka nyingi na usalama. Kibao chenye jina la avenue kinaomba ubao, rangi, na muzee mumoja anayekumbuka.