Vifo viwili vya seli ya ini

Buchani Kariakoo hatuombi ini. Tunaomba maini, nusu kilo, ingawa ng'ombe analo moja tu. Maini hurudi kuwa ini mtu anapougua, na hapo mtaani husikika: "Ini limeoza kwa gongo."

Kuoza? Neno hili tulipeleke Feri, hapo Kivukoni, kwa wenyewe wauza samaki. Samaki huoza akishakufa: bakteria humla, akavunda, watu wakaziba pua. Ini la mnywaji limo ndani ya mtu anayepumua. Seli zake ndizo zinazokufa, na hazifi kwa namna moja.

Neno "seli" nalipokea. Chembe ni neno tamu, ila limeshashika kazi kwenye mchele na kwenye chembe cha moyo. (Selo ya polisi ni ndugu yake: yote mawili asili yake ni chumba kidogo cha Kilatini.)

Kifo cha kwanza kina utaratibu. Seli hunywea, kitenzi cha kuchekesha kwa ugonjwa huu, ikajikata vipande, na jirani zake wakameza mabaki. Mwaka 1972 watafiti Kerr, Wyllie na Currie walipokitafutia jina walichota Kigiriki cha majani yanayodondoka mtini. Sisi tukaandika "apoptosisi", au "kifo kilichopangwa", kana kwamba kuna kamati iliyokaa. Ilhali yeyote aliyewahi kufagia chini ya mkungu anajua kuwa majani hupukutika. Basi na uwe mpukutiko wa seli. Kitenzi kinanyumbulika bila shida: seli hupukutika, pombe huzipukutisha.

Kifo cha pili ni fujo. Seli hufura, ikapasuka na kumwaga vilivyomo, vikiwemo vimeng'enya ambavyo maabara huvipima kwenye damu. Hiki nakiita ufu, hali ya kuwa mfu: neno fupi, la zamani, lisilo na harufu.

Kisha ini huvimba, nasi husema "homa ya ini". Nasita. Wengi wakilisikia jina hilo huwaza kirusi, wakamkwepa mgonjwa aliyeumizwa na chupa. Nikisema uvimbe, mtu wa mji huu ameshafika hospitali ya Ocean Road, kwenye saratani. Mvimbo wa ini ungetuepusha na yote mawili.

"Ini la mlevi" nalifuta kabisa. Ile m- humng'ang'ania mtu hata akiacha kunywa miaka kumi. Ini la pombe linataja chanzo, likaishia hapo.