Njia za Zinal: Habari za Wachungaji na Wakimbiaji

Njia ni kitu ambacho kila mtu hupita juu yake, na wachache huuliza habari zake. Twauliza habari za mlima, kwa kuwa ni mrefu. Twauliza habari za kanisa, kwa kuwa lina jiwe lililoandikwa mwaka wa kujengwa kwake. Lakini njia iendayo kisimani haina jiwe wala mwaka, nasi twadhani kwamba ilikuwapo tangu mwanzo. Katika habari hii twataka kueleza njia za kijiji kimoja cha milima ya Alpi, katika nchi ya Uswisi, ambazo leo zajulikana na wakimbiaji wa nchi nyingi. Wasomaji wetu wataona ya kuwa njia hizo hazikufanywa kwa ajili ya mbio hata kidogo.

Kijiji hicho chaitwa Zinal. Kiko mwisho wa bonde la Anniviers, katika jimbo la Valais, kadiri ya meta 1,675 juu ya bahari. Nyuma yake imesimama milima ya barafu, na mmojawapo, Weisshorn, wapita meta 4,500. Si mrefu kama Kibo, wenye meta 5,895; walakini nchi ile ni ya baridi, na wakati wa kipupwe theluji hulala hata milangoni pa nyumba. Chini kabisa, bonde hilo likutanapo na bonde kubwa la mto Rhône, uko mji wa Sierre, penye jua jingi na mashamba ya mizabibu. Mji huo hauzidi sana meta 570 juu ya bahari. Basi aendaye kutoka Sierre hata Zinal hana budi kupanda zaidi ya meta 1,000 kwenda juu.

Katika tofauti hiyo ya juu na chini ndimo tutakamoona asili ya njia zile. Watu wa Anniviers walikuwa na ardhi, lakini hapakuwa na mahali pamoja palipotosha kuwalisha mwaka mzima. Chini palikuwa na zabibu, lakini majani ya ng'ombe hayakutosha. Vijijini palikuwa na konde ndogo za nafaka na majani ya kukata na kukausha. Juu zaidi palikuwa na malisho mazuri, lakini kwa miezi michache tu, kabla theluji haijarudi. Mtu aliyekaa mahali pamoja angalikufa njaa. Kwa hiyo hawakukaa, walihama.

Kipupwe kilipokuwa karibu kwisha, jamaa zilishuka Sierre kulima na kupogoa mizabibu. Hawakushuka baba peke yake. Walishuka wote, mama na watoto, pamoja na nyumbu aliyebeba vyombo. Padre alishuka nao, na mwalimu vilevile, ili watoto wasikose masomo yao. Huko Sierre walikuwa na nyumba zao katika mitaa yao wenyewe, na kazi ya shamba la mizabibu la jumuiya waliifanya kwa filimbi na ngoma. Kisha walipanda tena vijijini, halafu wakapeleka ng'ombe malisho ya katikati, na mwezi wa Juni makundi yalifikishwa malisho ya juu. Wakati wa kiangazi walikata majani. Majira ya kuvuna zabibu yakifika, wakashuka tena. Mvinyo nao ulipandishwa mlimani, ukawekwa katika mapipa ya kijiji, palipo baridi, ukadumu miaka mingi.

Mwaka 1906 wataalamu wawili wa jiografia, Jean Brunhes na Paul Girardin, waliandika habari za kuhama huko, maana iliwashangaza kuona katika Ulaya watu Wakristo, wenye nyumba za kudumu na makanisa, waishio kwa kuhamahama kama wachungaji wa nyikani.

Sasa twaweza kujibu swali letu la kwanza, ni nani aliyezifanya njia zile. Zilifanywa na miguu ya jamaa hizo na kwato za ng'ombe wao, mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe hapendi kupanda jabali kwa mkato; hutafuta mahali pa kupumua, akizunguka. Kwa sababu hii njia za malisho huenda kwa mazunguko, na mara nyingi hufuata ubavu wa mlima pasipo kupanda wala kushuka sana. Na penye magenge, kama pale paitwapo Pontis, iliwabidi watu kuishindilia njia kandokando ya jabali, palipokuwa na hatari kubwa kwa mtu na mnyama. Tena njia ya mlimani haikai yenyewe. Theluji na maji huibomoa, mawe huanguka juu yake. Watu waliitengeneza kwa kazi ya shirika, kama Wachaga wa Kilimanjaro walivyokusanyika kuzibua mifereji yao ya maji. Asiyetengeneza mfereji hapati maji. Na asiyetengeneza njia hawezi kuwafikisha ng'ombe wake malishoni.

Katika karne ya 19 wakaja wageni waliotaka kupanda vilele. Mwaka 1864 Mwingereza Leslie Stephen na mwenzake Grove walitoka Zinal wakafika kilele cha Zinalrothorn, ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia mbele yao, wakiongozwa na Melchior na Jakob Anderegg. Hoteli zikajengwa, hata juu sana mlimani. Baadaye, mwaka 1908, kiwanda cha aluminiamu kilifunguliwa Chippis, karibu na Sierre, na wanaume wengi wa bondeni wakapata mshahara wa mwezi. Barabara ya magari ikapanda, na mzigo uliobebwa na nyumbu sasa ukachukuliwa kwa saa chache. Pole kwa pole kuhama kwa jamaa nzima kukakoma.

Tusiseme kwamba hayo yalikuwa mabaya. Mama aliyepanda Pontis na mtoto mgongoni katika baridi hangeyalilia maisha yale. Lakini njia isiyopitwa hufa. Kwanza majani huifunika ukingo, kisha mawe huanguka pasiwe na wa kuyaondoa, na mwishowe mzee peke yake ndiye awezaye kusema ilipita wapi. Naye mzee akifa, njia imekufa mara ya pili.

Hapo akatokea mtu wa Sierre, jina lake Jean-Claude Pont, mwongozi wa milimani, tena mwalimu wa historia ya hesabu. Mwaka 1974 alianzisha mbio za miguu kutoka Sierre hata Zinal, si kwa barabara, bali kwa njia za mlimani. Urefu wake ni kilometa 31. Mkimbiaji hupanda meta 2,200 kwa jumla na kushuka meta 1,100. Huondoka Sierre akapanda mwituni hata Chandolin, akapita hoteli ya Weisshorn, akafika Nava penye meta 2,425, kisha akapita malisho ya Barneuza na kuteremka kwa ghafula hata Zinal. Njiani huona vilele vitano vipitavyo meta 4,000. Mbio hizo hufanywa mwezi wa Agosti. Wako washindani wenye sifa, na wako watu wa kawaida, wanaoondoka mapema zaidi, hali bado giza, ili wafike kwa mwendo wao.

Mwaka 2003 Jonathan Wyatt wa New Zealand alikimbia safari hiyo kwa saa 2, dakika 29 na sekunde 12, na miaka mingi hakuna aliyempita. Mwaka 2019 Mhispania Kilian Jornet alifika kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 35. Na watu wa Afrika ya Mashariki nao wameacha nyayo zao huko. Mwaka 2018 alishinda kati ya wanawake Lucy Wambui Murigi wa Kenya, ambaye pia alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na 2018. Na mwaka 2023 Mkenya Philemon Kiriago alishinda kati ya wanaume.

Twapenda kuyafikiri mambo haya mawili pamoja. Juu ya njia ile ile alipita zamani mwanamke wa Anniviers, akiswaga ng'ombe, mgongoni ana mtoto, hana saa ya kumpimia wala mtu wa kumpigia makofi. Na akichelewa, theluji ilikuwa hasara yake. Leo apita mwanamke wa Kenya, miguu mepesi, na watu wengi wamngoja mwisho wa njia. Mmoja alipita kwa lazima, wa pili kwa hiari. Lakini wa pili asingepata pa kukanyaga kama wa kwanza asingalitangulia. Na kazi ya wa kwanza ingalifunikwa na majani kama wa pili asingalikuja.

Katika vijiji vyetu pia barabara zimefika, na njia nyingi za miguu zaanza kufungwa na nyasi: njia ya mnadani, njia ya kivukoni, njia waliyoipita babu zetu wakienda shule ya kwanza. Hatuwezi kuzipita zote tena, wala hatuna haja. Lakini twaweza kumchukua mtoto jioni moja tukaenda naye kwa mzee, tukamwuliza: Njia hii ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na nani aliyaondoa mawe yake? Tena tusikawie kuuliza, maana mzee hatungoji.