Pareto: Ua Lililolipa Karo

Kinangop hakuna mbu. Yaani wapo, lakini ni wachache na wanyonge, baridi ya kule inawamaliza. Shosho yangu hajawahi kulala ndani ya neti, na bado ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akishika dawa ya mbu mkononi: maua makavu, meupe, yenye kiini cha njano, ndani ya gunia dogo nyuma ya mlango wa stoo. Pareto. Yeye aliisaga na kunyunyizia viota vya kuku kufukuza viroboto.

Nilipohamia Kisumu kutafuta riziki ya kuandika, mbu wa ziwa walinila vibaya. Nikakumbuka lile gunia. Nikaletewa mfuko mmoja, nikatupa konzi nzima juu ya makaa. Moshi ulinitoa machozi, jirani akagonga mlango akidhani nyumba inaungua, na mbu wakaendelea na kazi yao. Asubuhi jirani huyohuyo aliniletea kipande cha mshubiri, nipake pale nilipojikuna hadi ngozi ikachubuka. Ule ute ulinipoza kweli. Lakini pareto ilikuwa imeniaibisha, na nilitaka kujua kwa nini.

Kosa lilikuwa langu. Sumu yenyewe, pairethrini, imo hasa kwenye mbegu changa ndani ya kile kiini, na moto mkali huiunguza kabla haijafanya lolote. Inataka joto la kadiri, itoke kama mvuke. Wajapani waliligundua hilo zamani. Eiichiro Ueyama alipata mbegu miaka ya 1880 (ua asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo), na mwaka 1890 akatengeneza vijiti vya kuchoma kama udi. Vijiti viliisha kwa dakika 40 hivi, kabla mtu hajapata usingizi mzuri. Inasimuliwa kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyesema dawa izungushwe kama nyoka aliyejikunja. Koili hiyo iliingia sokoni 1902, na iliweza kuwaka usiku kucha. Ukiitazama, kaa linasogea polepole, na mbele yake kidogo kuna sehemu yenye joto lakini haijaungua. Hapo ndipo dawa hutokea.

Kwetu pareto ililetwa na masetla mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilipenda nyanda za juu, kwa sababu bila baridi haichanui vizuri. Ndiyo maana dawa ya mbu ililimwa na watu wasiong'atwa na mbu. Halafu vita vikaja. Japani, iliyokuwa imeshika soko la dunia, ikawa adui wa Marekani, na wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiugua malaria huko Pasifiki. Pareto ya Kenya ikawa mali ya vita. Iliingia kwenye mikebe ya kupuliza, ikichanganywa na mafuta ya simsim, ambayo huiongezea makali.

Baada ya uhuru, mashamba ya masetla Kinangop yalikatwakatwa, na Shosho na Guka wakapata kipande chao. Kenya ilikuja kuzalisha zaidi ya nusu ya pareto yote duniani, na sehemu kubwa ilichumwa na wanawake na watoto, ua kwa ua, kila baada ya wiki mbili tatu. Baba anasema vidole vilikuwa vinawasha na macho yanatiririka. Lakini pesa ilikuja, na ndiyo iliyomsomesha sekondari hadi kidato cha mwisho.

Wakati huohuo kuna watu waliokuwa maabara wakiliiga hilo ua. Mwaka 1949 Wamarekani walitangaza allethrini. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini, isiyoharibiwa haraka na jua kama pareto halisi. Neti zetu za dawa zimetokana na kazi hiyo. Sibezi, zimeokoa watoto wengi sana. (Mbu nao wamejifunza, wengi sasa wanastahimili dawa za aina hiyo.) Lakini soma pakiti ya koili ya dukani: mara nyingi kilichomo ni hizo za kuigiza.

Ila si maabara peke yake iliyotumaliza, maana kuna wanunuzi ambao bado walitaka ua halisi. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa Kenya walikuwa wanapeleka maua na kukaa hata zaidi ya mwaka bila malipo. Wengi waliing'oa. Soko likahamia Tasmania, kule Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Shosho aling'oa yake nikiwa mdogo, akapanda viazi. Nilipofika chuo kikuu, karo ilitegemea viazi, na bei ya viazi unaijua. Nilitoka mwaka wa pili.

Siku hizi kaunti kadhaa, Nakuru ikiwemo, zinagawa miche ya pareto upya. Nilimpigia Shosho kumwambia. Nilitaka kumweleza habari za Yuki na nyoka, lakini aliniacha niongee kidogo tu, kisha akauliza:

"Na hao wanalipa lini?"