Kutoka Msaragambo hadi Shule za Kata: Safari ya Elimu Upare



Kila tunapokutana kwenye harambee hii, swali la kwanza huwa lile lile: tumejenga nini? Ni swali zuri, na majibu yake yanaonekana kwa macho. Mwaka huu tunaomba tutazame nyuma kidogo, kwa kuwa historia ya shule zetu ina somo ambalo orodha ya majengo peke yake haiwezi kulitoa.

Shule za kwanza Upare zililetwa na wamisheni. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini karibu na mwanzo wa karne ya 20, na Waadventista walifika milima ya kusini mwaka 1903. Lakini nguvu ya kujenga ilikuwa ya wenyeji. Wazee wetu tayari walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na kutunza ndiva za maji. La mgambo likilia, kila kaya ilitoa mtu. Msaragambo huo huo ndio uliohamia shuleni: mawe yakabebwa kwa kichwa, mchanga ukapandishwa kutoka mtoni, miti ya kuezekea ikashushwa mlimani.

Watu hao hao walijua pia kukataa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, ameandika habari zake. Wananchi hawakukataa kulipa kodi. Walikataa mali zao kukadiriwa kwa kipimo wasichokielewa. Tukumbuke jambo hilo, maana linahusu pia bahasha ya mchango unayoishika leo.

Wakati wa mkoloni, mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio kali. Watoto wengi waliishia hapo na kurudi shambani. Baada ya Uhuru shule za ubaguzi wa rangi zilifutwa, na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha mpango wa kila mtoto kusoma shule ya msingi, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la UPE.

Tuliosoma wakati huo tuna mengi ya kusimulia. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Asubuhi ni mchakamchaka, kisha kukaguliwa kucha. Tulibeba kidumu cha maji, kuni na samadi ya bustani ya shule. Wengine tulisoma asubuhi na wengine mchana, kwa sababu vyumba havikutosha. Kitabu kimoja kilizungukwa na vichwa vitano. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi huko huko vijijini. Walijitahidi, nasi tunawashukuru, lakini mzigo waliotwishwa ulikuwa mkubwa kuliko maandalizi waliyopewa.

Kizingiti kilichofuata kilikuwa sekondari. Nafasi za serikali zilikuwa chache mno, nazo ziligawanywa kwa mikoa, hivyo mtoto wa Kilimanjaro aliweza kufaulu vizuri na bado akabaki nyumbani. Wazazi hawakukaa kulalamika. Waliuza kahawa, wakauza mbuzi, wakachangishana makanisani, misikitini na vijijini, wakajenga sekondari zao. Mkoa wetu ukawa mbele nchini kwa sekondari zisizo za serikali. Hata hivyo, aliyeshindwa ada alibaki nje, na mara nyingi aliyebaki nje alikuwa msichana.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa chini ya mpango wa MMEM. Nchini kote wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Kisha ukaja mpango wa MMES na shule za kata. Msaragambo ukaamka tena, tofali zikafyatuliwa, na kata zilizokuwa hazijawahi kuwa na sekondari zikapata yake. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa kawaida alikuwa na uhakika wa kuvaa sare ya sekondari.

Lakini walimu hawafyatuliwi kama tofali. Shule nyingi zilifunguliwa bila maabara, bila maktaba, na zikiwa na walimu wawili watatu. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani, na watani wakawaita walimu wa vodafasta. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwa Kiswahili alikuta karibu masomo yote kwa Kiingereza, na asiyekuwa na wa kumvusha alinakili ubaoni asichokielewa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yaliitikisa nchi: yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Mlango ukapanuka zaidi, na msongamano nao ukaongezeka.

Ndugu zetu, ukiisoma safari hii yote unaona jambo moja. Kila mara tulipotakiwa kufungua mlango wa shule, tuliufungua kwa mikono yetu. Kila mara, kilichokuwa ndani ya chumba kilichelewa. Tulihesabu vyumba, hatukuhesabu watoto wanaotoka humo wakijua kusoma, kuandika na kufikiri.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi ukuta mwingine wenye kibao cha majina. Tunaomba nyumba za walimu, ili mwalimu anayepangiwa milimani au tambarare asiombe uhamisho baada ya muhula mmoja. Tunaomba vifaa vya maabara na vitabu. Tunaomba chakula cha mchana, kwa kuwa mtoto aliyetembea tangu alfajiri hawezi kushika hesabu saa nane akiwa na njaa. Tunaomba mabweni kwa wasichana wanaotoka mbali.

Na kwa kuwa sisi ni wajukuu wa watu wa mbiru, hesabu ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa kila shule itakayosaidiwa, mzazi yeyote aisome na aulize.

Mgambo umelia. Mwenye fedha alete fedha. Mwalimu mstaafu alete saa mbili za Jumamosi. Mwenye vitabu visivyosomwa kabatini avifungashe. Karibuni sana.