Shujaa wa Nani? Dosari za Mashujaa katika Riwaya Zetu za Mapenzi na Historia

Nimestaafu ualimu na kurudi Natta, wilayani Serengeti, kwenye shamba la wazazi wangu. Leo sitazungumzia vina wala mizani ya ushairi. Nataka kuzungumzia mizani nyingine, ile tunayowapimia mashujaa wa riwaya zetu, kwa sababu niliwahi kuitumia vibaya, na deni hilo sijalilipa.

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita, hakuna swali lililogawa darasa kama hili: je, Denge wa Vuta N'kuvute ni shujaa? Wavulana wengi walijibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Wasichana walinyamaza kwanza, kisha mmoja akaanza, na kipindi kizima kikaisha kwa mabishano. Kwa muda mrefu niliyaona mabishano yale kuwa kelele za vijana tu. Sasa naona yana historia ndefu kuliko riwaya yenyewe.

Hapa Natta wazee husimulia kwamba chanzo cha watu wetu ni mwindaji mwanamume na mkulima mwanamke waliokutana, nyama ikakutana na nafaka, ukawa mji. Nilipokuwa mtoto nilisikia simulizi hiyo katika sehemu mbili. Kwenye moto wa wanaume mwindaji alikuwa mtu wa sifa: njia alizopita, mitego aliyotega, wanyama aliowaangusha. Jikoni kwa bibi yangu swali lilikuwa jingine. Bibi aliuliza, mwindaji alipokaa nyikani mwezi mzima, mkewe alikula nini, na nani aliyelinda shamba dhidi ya nguruwe? Hakumkataa mwindaji, maana hata yeye alijiita mjukuu wake. Alitaka tu hesabu iwe kamili. Nilichukua miaka mingi kutambua kwamba bibi yangu, asiyejua kusoma, alikuwa mhakiki wa fasihi.

Tuanze na mkongwe wa mashujaa wetu, Fumo Liyongo. Utendi wake unaojulikana sana uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini habari zake zilitembea midomoni mwa watu wa pwani kwa karne nyingi kabla ya hapo. Sote tunamkumbuka Liyongo kwa nguvu zake, kwa upinde wake, na kwa jinsi alivyotoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Tunakumbuka pia kwamba aliuawa kwa siri aliyoitoa mwenyewe. Aliyemsaliti, ambaye simulizi moja humtaja kuwa mwanawe na nyingine kuwa mpwa wake, alikuwa ameahidiwa cheo na kuozwa binti wa mfalme. Wengi huliona kosa la Liyongo kuwa ni kuamini kupita kiasi, na kosa la namna hiyo humwongezea shujaa utukufu badala ya kumpunguzia.

Lakini nani kati yetu amewahi kusimama na kuuliza habari za Saada? Ndiye kijakazi aliyepeleka chakula gerezani, akanyang'anywa na walinzi mikate mizuri, akaachiwa ule wa wishwa ambao hawakuutaka. Bila miguu ya Saada, Liyongo angefia kifungoni. Utendi ukishamtumia huendelea na safari yake, nasi wasomaji huendelea nao. Hapo ndipo ninapoiona asili ya mabishano yetu: kila shujaa ana mtu aliyembebea mkate, na wasomaji hutofautiana kuhusu kama mtu huyo aingie katika hesabu.

Katika nathari ya Shaaban Robert swali hilo halikupata nafasi kubwa. Karama wa Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, na Adili wa Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, wanabeba majina yanayotangaza tabia zao. Walimu wa fasihi huwaita wahusika bapa, na mara nyingi husema hivyo kana kwamba ni aibu. Mimi sioni aibu. Nchi iliyokuwa chini ya mkoloni ilihitaji kuambiwa kwamba utu na haki vinawezekana, na Shaaban Robert aliufanya wajibu huo kwa ufasaha ambao hatujaupata tena. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa na mashujaa hao huzoea kuamini kwamba anayepigania haki hadharani lazima awe mwadilifu pia mlangoni kwake. Baada ya uhuru imani hiyo ilianza kuvunjwa. Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969, kiongozi anayelitilia shaka neno lake mwenyewe. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi akatupa Rosa Mistika, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu ilimwonyesha binti na walioshiriki kumharibu bila kuwafunika shuka.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na kisiwa hicho, ambacho sisi wa Mara tunakifikia kwa kivuko kutoka Kisorya, ndicho kilichotupa pia riwaya ninayoiona kuwa kuu kuliko zote za mapenzi ya wakati wa kale. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Lugha ilikuwa ya watu wachache na kitabu kilikuwa kinene. Akiwa mzee, Kitereza akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa tarehe ya mwaka 1980 ikiwa na jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Kazi ya mikono yake ilingoja miaka thelathini na mitano.

Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke kwa utasa, na wazazi wa Bugonoka, kwa uchungu wa binti yao, wanamchukua na kumrudisha kwao. Ndipo mapenzi yanapopimwa. Myombekere haoi mwingine kwa hasira. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe, anahangaika kuitafuta na kuipika, na mwisho anamrudisha mkewe nyumbani. Baadaye wanatafuta tiba, na watoto wanapatikana.

Dosari ya Myombekere iko wapi? Nimewasikia wasomaji wa pande mbili. Wa kwanza, wengi wao wanaume wa rika langu, husema ni dhaifu. Mwanamume wa zama zile, wanasema, hakupaswa kujishusha ukweni kwa ajili ya mke asiyezaa. Katika mkoa wetu uzito wa jambo hili haufichiki. Kwa jirani zetu Wakurya, mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike, desturi inayoitwa nyumba ntobhu. Jamii iliyobuni njia kama hiyo ilijua vizuri hofu aliyokuwa nayo Bugonoka. Wasomaji wa pili, na wengi wao ni wanawake, hawamwoni dhaifu kwa kuomba. Wanauliza kwa nini alingoja mpaka mke aondoke. Maneno ya nduguze yalipokuwa yakimchoma Bugonoka, ulimi wake yeye ulikuwa wapi? Hivyo upande mmoja unamlaumu kwa kupenda mno, na mwingine kwa kuchelewa kulionyesha pendo hilo mbele ya watu.

Naona pande zote mbili zina ushahidi ndani ya kitabu, na Kitereza alijua alichokuwa akikifanya. Yeye na mkewe Anna waliwapoteza watoto wao, na aliendelea kuishi na mke huyo mmoja. Hakuandika malaika. Aliandika mume ambaye kosa lake ni la kawaida kabisa, la kunyamaza, na ambaye ubora wake ni kwamba baada ya kukosa aliinuka na kwenda kulipa. Hilo la kulipa ndilo ninalowaomba wasomaji walikumbuke, kwa maana nitalirudia.

Sasa twende Unguja. Shafi Adam Shafi aliichapisha Vuta N'kuvute mwaka 1999 kwa Mkuki na Nyota, na mwaka 2021 filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Riwaya inaturudisha katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza visiwani, kabla ya uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964. Yasmin, binti mdogo mwenye asili ya Kihindi, anaozwa bila ridhaa yake kwa Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anapokelewa na Mwajuma, mwanamke fukara asiye na kitu ila moyo. Kisha anampenda Denge, kijana msomi anayepambana na serikali ya kikoloni na kuwindwa na polisi. Denge naye anampenda, lakini kazi ya ukombozi anaiweka mbele. Mwisho anayekuwa mume wa Yasmin ni Bukheti.

Wanaomtetea Denge husema hivi. Mtu asiyejua kama kesho atalala kwake au kizuizini hana haki ya kumwahidi mwanamke nyumba. Ukweli wake kwamba harakati ziko mbele ni uaminifu, wala si ukatili. Tena, kama wapigania uhuru wote wangekaa majumbani na wapenzi wao, nani angetukomboa? Hoja hizi si nyepesi, na mtu wa kizazi changu, aliyezaliwa wakati bendera za uhuru zilipokuwa mpya, huzisikia kwa moyo wote.

Wanaomlaumu hujibu kwamba Yasmin alikwisha kuamuliwa maisha na wazazi wake, na kwa Denge anaamuliwa tena, safari hii kwa jina la taifa. Yeye ndiye anayengoja bila kujua. Hatari za Denge zinamwangukia pia, ilhali katika maamuzi yake hana kiti. Wanaongeza kwamba ukombozi unaomwacha mwanamke akingoja mlangoni umesahau nusu ya watu wanaokombolewa.

Sasa niseme deni langu. Katika mtihani mmoja wa majaribio nilitunga swali: "Thibitisha kwamba Denge ni shujaa." Binti mmoja, mkimya, aliyekaa karibu na dirisha, hakuthibitisha. Aliandika kwamba kabla ya kuthibitisha ni lazima tuulize, shujaa wa nani? Kwa wananchi wa Unguja, aliandika, Denge ni shujaa. Kwa Yasmin ni mtu aliyempenda na kumwacha. Kwa Yasmin shujaa ni Mwajuma, aliyemfungulia mlango wakati ndugu walipoufunga. Alitoa mifano kutoka mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Nami, nikiwa na mwongozo wa usahihishaji nilioutunga mwenyewe, nikapitisha kalamu nyekundu na kuandika: "Hujajibu swali." Nilimpa alama nne kati ya ishirini.

Alikuja na karatasi yake, akasema kwa heshima, "Mwalimu, nimejibu, ila jibu langu ni refu kuliko swali." Nilimwambia arudi kwenye kiti chake. Sikumwomba radhi, na baada ya mwaka ule sikumwona tena. Nilikuwa nimefanya lile lile ambalo wasomaji wanamlaumu Myombekere kwalo: nilikuwa na neno la kusema kwa wakati wake, nikalimeza. Nikakosa hata ubora wake wa kwenda kulipa faini.

Miaka hii ya kustaafu nimekisoma kitabu kile upya mara mbili, nikiwa na swali la yule binti mkononi, na sasa nina jibu. Kumtazama Denge kwa macho ya Yasmin hakumwondolei ushujaa. Waingereza anaowapinga wanabaki wale wale, na hatari anayoikabili haipungui. Kinachobadilika ni bei. Tunaanza kuona kwamba ushujaa wake ulilipiwa na watu wengine pia, tena baadhi yao hawakuulizwa. Riwaya inayotuonyesha bei hiyo ina ukweli wa kihistoria zaidi kuliko risala ya sikukuu, kwa sababu uhuru wetu wenyewe ulilipiwa hivyo, na majina ya waliobeba mkate hayakuandikwa.

Kwa hiyo ninyi mnaomtetea Denge na ninyi mnaomlaumu, msiache kubishana. Naomba tu tusiulize kama shujaa ana dosari, maana kila aliyezaliwa na mwanamke anayo. Tuulize dosari hiyo ilimwangukia nani, na shujaa alifanya nini alipoiona. Bibi yangu angetosheka na maswali hayo mawili. Na kama yule binti wa karibu na dirisha ni miongoni mwa wanaosoma hapa, namwambia mbele ya wote: ulijibu swali, mwanangu, na alama zako ni ishirini.

Nafunga kwa ubeti mmoja, nikijua kwamba hapa barazani mtu hatoki bila kutoa:

Shujaa namwangalia, kwa wangojao nyumbani,
Si sifa za kusikia, zivumazo mtaani,
Kasoro ukimwambia, usimtupe shimoni,
Tupime yote pamoja, yawe wazi mizanini.