Kichwa cha Treni Mwisho wa Njia

Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, mji ulioitwa siku zile Albertville, ikakoma hapo, maana mbele yake ni ziwa Tanganyika. Hakuna wa kushangaa. Lakini Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, hauna ziwa, na hata hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja reli zake zilikoma ndani ya mji: za kaskazini katika gare ya Nord, za kusini katika gare ya Midi. Tutazame taabu iliyotokana na hayo.

Treni ya makaa iliingia gare ya namna hiyo hadi karibu na kizuizi. Hapo kichwa chake kilikuwa kama mbuzi zizini: mbele ukuta, nyuma mabehewa. Wafanyakazi walishuka kati ya reli, wakakifungua. Pakiwa na njia tupu kando, kichwa kilisogea mbele kidogo, kikahamia njia ile, kikarudi nyuma kikiipita treni yake chenyewe, kikafungwa mkiani. Pasipo nafasi, kichwa kingine kilitoka nje kuja kuvuta mabehewa, na cha kwanza kikangoja.

Hata hapo kazi haijaisha. Kichwa cha makaa chaweza kwenda kinyumenyume, lakini dereva haoni njia vizuri, na vumbi la makaa lamwingia machoni. Kwa hiyo kilipelekwa kwenye daraja la kuzunguka: shimo la mviringo, na juu yake daraja fupi lenye mhimili katikati. Uzito ukilingana pande zote mbili, watu wachache waliweza kukigeuza kwa kusukuma, nacho kina tani makumi! Sisi twaona hapo akili ilishinda nguvu.

Lakini kila mwendo huo ulikula dakika, na kukalia njia iliyongojwa na treni nyingine. Naye msafiri aliyeshuka Nord akitaka treni ya Midi, alivuka mji na mizigo yake.

Wakuu wakaamua kuziunganisha gare hizo kwa njia ya chini ya ardhi. Kazi ilianza mwaka 1911. Mitaa ya katikati, kama Putterie, ikabomolewa, wakaaji wakahamishwa. Vita ya 1914 ikaisimamisha kazi, na mahali pale pakabaki ukiwa miaka mingi. Walianza tena mwaka 1935. Vita ya pili ikawachelewesha. Tarehe 4 Oktoba 1952 mfalme Baudouin akaifungua, njia sita sambamba. Waliobomolewa nyumba kabla ya 1914 walingoja karibu miaka arobaini kuona kilichowahamisha. Wengi walikufa bila kukiona.

Antwerpen walingoja zaidi: chini ya gare yao nzuri ya mwaka 1905, treni zilianza kupita mwaka 2007 tu. Juu, reli bado zinakoma, ila treni nyingi za umeme zina chumba cha dereva kila upande. Dereva huchukua mfuko wake, hutembea hadi mwisho wa pili, akaketi.